UZI: Elizabeth Fry kabla ya gereza la Newgate, nyumba ya Earlham na ukoo uliobeba sadaka zake

kibatari (mleta mada)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani akitajwa Elizabeth Fry watu wanarukia moja kwa moja gereza la Newgate, London: mama wa Kiingereza mwenye kofia nyeupe, kaketi katikati ya wafungwa wa kike, anawasomea Biblia. Ni kweli alifanya hivyo, lakini hiyo ni nusu ya habari. Leo nataka tuanzie nyumbani kwao. Nimefika mahali pa kuamini kwamba bila nyumba ile na ndugu aliokulia nao, Newgate angeingia mara moja, akalia, akaondoka, basi.

Nyumba yenyewe ni Earlham Hall, maili kama mbili magharibi ya Norwich, mashariki mwa Uingereza. Ni jumba la karne ya 17, lina bustani na miti mikubwa, na mto Yare unapita bondeni. Familia ya Gurney iliingia humo mwaka 1786, Elizabeth akiwa na miaka sita. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: haikuwa mali yao. Walikuwa wapangaji, wenye nyumba wakiwa ukoo wa Bacon. Yaani "nyumba ya ukoo wa Gurney" inayoimbwa vitabuni ilikuwa ya kupanga, tena na watu waliokuwa na uwezo wa kununua.

Uwezo ulitoka wapi? Sufu na benki. Akina Gurney walifanya biashara ya nyuzi za sufu, na kuanzia mwaka 1770 wakawa na benki yao Norwich, ile iliyokuja kuungana na nyingine mwaka 1896 kuunda Barclays. Mama yake, Catherine, naye alitoka kwa akina Barclay upande wa mama. Dini yao Wakwekeri, dhehebu la Kikristo ambalo watu wake wanajiita Marafiki: enzi hizo hawakuwa na mapadri, walikaa kimya ibadani mpaka mtu aguswe aseme, na wanawake waliruhusiwa kuhubiri. Shikeni hilo la wanawake kuhubiri, nitalirudia.

Watoto walizaliwa 12, wakakua 11: wasichana saba, wavulana wanne. Mama akafariki mwaka 1792, Betsy (ndivyo walivyomwita nyumbani) akiwa na miaka 12. Dada mkubwa, Kitty, aliyekuwa bado kijana mwenyewe, akakabidhiwa funguo za nyumba na wadogo zake wote.

Nani anafuatilia? Naendelea chini.

---

sijali_sana

Tupo mkuu, tiririka.

---

kibatari

Sasa msidhani ilikuwa nyumba ya watawa. Baba yao alikuwa Mkwekeri wa kawaida, si wa siasa kali. Mabinti walicheza ngoma, walichora, walipanda farasi, walivaa rangi. Ukoo wao ulisimulia jinsi wale dada saba walivyojipanga siku moja katikati ya barabara, wameshikana mikono, wamejifunika majoho mekundu, wakasimamisha gari la posta la farasi kwa utundu tu. Na ibadani walichoka wazi wazi. Mdogo wao Louisa aliandika katika shajara yake ya utotoni jinsi alivyokerwa na Jumapili za kukaa kimya.

Betsy hakuwa kinara wa kundi. Alikuwa mgonjwa mgonjwa, mwoga wa giza, mwoga wa bahari, shule ilimshinda kidogo, na tahajia yake ilibaki mbaya maisha yote. Kilichomgeuza kilitokea tarehe 4 Februari 1798. Mhubiri kutoka Philadelphia, William Savery, alifika kwenye nyumba ya ibada ya Norwich. Betsy, miaka 17, alikaa mbele na buti zake za zambarau zenye kamba nyekundu. Dada zake walikumbuka buti zile kwa sababu alikuwa anazitazama na kufurahia rangi yake mpaka yule mzee alipoanza kusema. Njiani kurudi Earlham alilia garini.

Baada ya hapo hakukimbilia gerezani. Alifungua darasa pale pale nyumbani. Alianza na mtoto mmoja wa kiume, maskini wa jirani, akamfundisha kusoma. Akaja mwingine, akaja na mdogo wake. Baadaye walizidi 70, wengi wao watoto wafanyakazi wa viwanda vya Norwich, wakijazana chumba cha kufulia nguo cha Earlham. Dada zake waliwapa jina la utani, "vijitukutu vya Betsy". Hebu fikirieni: binti hajafika miaka 20, hana msaidizi, kimya chumbani kinaletwa na sauti yake tu. Waliomsikia miaka 20 baadaye gerezani walisema hakupaza sauti, alisoma taratibu, na watu waliokuwa wakipigana dakika iliyopita wakanyamaza. Sauti ile ilizoeshwa kazi kwenye chumba cha kufulia.

---

mama_wawili

Asante kwa uzi kibatari, ila usinifiche. Nimesoma kwamba huyu mama alizaa watoto 11 na mara nyingi hakuwa nao. Nani aliwalea? Maana hizi habari za mama mtakatifu siku zote kuna yaya nyuma ya pazia.

---

kibatari

Dada, nakuja huko, na hutapenda kila kitu.

Kwanza ndoa, maana nayo ilifungwa kwa mtindo wa Earlham. Joseph Fry, mtoto wa wafanyabiashara wa chai na benki wa London, alimposa, akakataliwa, akarudi. Ukoo unasimulia kwamba safari ya mwisho aliweka saa yake ya dhahabu kwenye benchi la bustani: Betsy akiichukua, amekubali, akiiacha, Joseph asirudi tena. Dada wote sita walikuwa wamejificha vichakani wanachungulia. Akaja, akaitazama, akakimbia ndani. Akarudi, akaichukua. Walioana Agosti 1800.

Akahamia Mildred's Court, katikati ya jiji la London, nyumba iliyounganika na ofisi ya biashara. Na hapo ndipo shajara yake inapoanza kulalamika. Wakwekeri wakija mikutano London wanafikia kwake, mezani hapaishi wageni, mimba inafuata mimba. Aliandika wazi kwamba anaogopa amegeuka mke wa kupokea wageni tu.

Mwaka 1809 wakahamia Plashet, jumba la ukoo wa mume huko East Ham, wakati huo shamba tupu. Kwangu mimi Plashet ndipo kilele cha sadaka yake, Newgate baadaye. Alifungua shule ya wasichana jirani na geti. Nyumbani aliweka stoo: majora ya kaliko na flana upande mmoja, dawa upande mwingine. Majira ya baridi kali ghalani kulipikwa supu kwa masufuria makubwa. Karibu na hapo kulikuwa na mtaa wa Waayalandi maskini, Wakatoliki, watu ambao majirani waliwakwepa. Yeye aliingia nyumba kwa nyumba, kuku wanapita miguuni. Alijifunza kuchanja ndui, akachanja watoto wa vijiji vya pale kwa mkono wake. Wajipsi walipopiga kambi barabarani wakienda maonyesho ya Fairlop, aliitwa kwa mtoto mgonjwa, na tangu siku hiyo kila mwaka wakipita alikwenda na nguo na dawa.

Mwaka huo huo wa 1809 baba yake alifariki. Kwenye mazishi Betsy, yule mwoga, alipiga magoti akaomba kwa sauti mbele ya watu. Mwaka 1811 Wakwekeri wakamtambua rasmi kuwa mhubiri. Ndiyo maana nilisema mshike lile. Mwanamke Mwanglikana wa hadhi yake asingepata kibali cha kusimama na kusema mbele ya watu, sembuse kusafiri kwa kazi hiyo.

---

nahodha_mstaafu

Newgate sasa, mkuu. Umetuzungusha shambani vya kutosha.

---

kibatari

Haya. Baridi ya mwaka 1813, Mkwekeri mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Stephen Grellet, alitembelea upande wa wanawake Newgate, akakuta vichanga karibu uchi. Alitoka pale moja kwa moja kwenda Mildred's Court, nyumba ya mjini ambayo akina Fry bado waliitumia. Elizabeth akaagiza flana, akaita wanawake wenzake wakashona usiku, kesho yake akaenda na Anna Buxton. Walikuta wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao, waliohukumiwa na wasiohukumiwa, wamesongamana, wanapika, wanafua na kulala sehemu ile ile, pombe inauzwa ndani. Askari jela wenyewe walisita kuingia. Aligawa nguo, akapiga magoti, akaenda zake.

Halafu kimya mpaka mwisho wa 1816! Karibu miaka minne. Hiki ndicho kipande ambacho wasimuliaji wengi wanakiruka. Alizaa tena. Fedha za mume ziliyumba. Mwaka 1815 binti yake mwenye jina lake, Betsy mdogo, hajatimiza miaka mitano, alifariki.

Sasa jibu la mama_wawili. Mwaka 1816, ili kupunguza gharama na kumpumzisha, ndugu zake waliwachukua watoto wakubwa: wengine wakaenda Earlham kwa mjomba wao Joseph John, wengine kwa Daniel, huko huko Norfolk. Nyumba ikapungua kelele. Miezi michache baadaye akarudi Newgate, na safari hii hakutoka. Mtu akiniuliza nani alifungua shule ya kwanza ndani ya Newgate, nitasema Elizabeth Fry, na walioifanya iwezekane ni kaka zake waliobaki na watoto.

Shule yenyewe alianza na watoto wa wafungwa. Wafungwa wenyewe walimchagua mwalimu kati yao, Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Aprili 1817 kikaundwa chama cha wanawake 12, kumi na mmoja Wakwekeri na mmoja mke wa mchungaji. Kanuni zikasomwa moja moja mbele ya wafungwa, kila kanuni wakaipigia kura kwa kunyoosha mikono: hakuna kucheza kamari, hakuna kuombaomba, hakuna matusi. Wakaletewa vitambaa na sindano, wakawa wanashona na kulipwa. Mwaka 1818 akaitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Sheria ya magereza ya 1823 iliyopitishwa chini ya Robert Peel ikataka wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake. Hayo mengine mnayajua.

---

sijali_sana

Kura ya wafungwa waliopigwa njaa na baridi mbele ya matajiri walioleta nguo? Mkuu, hiyo si kura. Mtu mwenye njaa atanyoosha hata miguu.

---

kibatari

Hoja imekaa. Na zilikuwepo kanuni za kukera kweli, kuchunguzana mavazi na vitabu vya kusoma. Lakini pima na kilichokuwepo kabla: hakukuwa na anayewauliza chochote. Halafu yeye alipinga waziwazi kufungia watu peke yao kimya mwaka mzima, mtindo ulioanza kupendwa na wataalamu miaka ya 1830. Alisema mtu anarudi kuishi na watu, kwa hiyo afunzwe kuishi na watu. Kwa hilo waliokuja baada yake walimwona amepitwa na wakati.

---

nahodha_mstaafu

Mimi niongeze la meli, ndilo ninalolijua. Wanawake waliohukumiwa kupelekwa Australia walikuwa wakivunja vioo na samani usiku wa kuamkia safari, kisha wanapakiwa kwenye magari ya wazi, minyororo mkononi, mji mzima unawazomea. Mwaka 1818, meli ikiitwa Maria, Elizabeth Fry aliomba wapelekwe kwa magari yaliyofunikwa, na yeye mwenyewe akafuata nyuma na gari lake. Hakikuvunjika kitu. Wanawake 128 wakagawanywa makundi, kila mtu na namba yake.

Na kila mmoja akapewa mfuko: sindano 100, nyuzi, pini, mkasi, na ratili mbili za vipande vya vitambaa. Safari ni miezi. Akishona shuka la viraka njiani, ana kitu cha kuuza akishuka. Meli ya Rajah ya 1841 iliyokwenda Hobart na wanawake wapatao 180 ilitoa shuka moja la vipande 2,815, lenye maandishi ya shukrani kwa kamati ya wale akina mama. Lipo mpaka leo, Canberra, katika jumba la taifa la sanaa. Ukilitazama karibu kuna vidoa vya damu ya vidole vilivyochomwa sindano.

---

kalamu_butu

Swali kwa mleta mada: ni kweli aliwahi kugombana na serikali kwa sababu ya noti bandia? Niliona picha yake kwenye noti ya pauni 5, nikasikia watu wanacheka.

---

kibatari

Ni kweli, na hili ni tamu kwa uchungu wake. Enzi hizo makosa zaidi ya 200 yalikuwa na adhabu ya kifo, mojawapo kutumia noti bandia. Mwaka 1818 kulikuwa na mfungwa Newgate, Harriet Skelton, mwanamke mpole aliyepitisha noti bandia za Benki Kuu ya Uingereza kwa shinikizo la mumewe. Elizabeth alihangaika kila mlango, mpaka kwa Lord Sidmouth, waziri wa mambo ya ndani. Waziri akamjia juu, akaona anavuruga sheria. Skelton akanyongwa.

Mwaka 2002 benki ile ile ikatoa noti mpya ya pauni 5 yenye sura ya Elizabeth Fry, na nyuma yake anawasomea wafungwa wa Newgate. Ilitumika mpaka Mei 2017. Waliochora hawakumweka Skelton.

---

mama_wawili

Umenijibu robo. Watoto walilelewa na wajomba, sawa. Je, waliridhika? Na mumewe je, maana simuoni popote baada ya saa ya dhahabu.

---

kibatari

Mume alikuwa anafilisika, dada. Novemba 1828 benki ya akina Fry ilianguka. Fikiria aibu: Wakwekeri wanaamini kukopa usichoweza kulipa ni dhambi, kwa hiyo wakamtoa Joseph kwenye ushirika. Maneno yakazagaa kwamba mkewe alikuwa anagawa sadaka kwa fedha za watu. Hakukuwa na ushahidi, lakini jina lilichafuka. Plashet ikawatoka, na shule yake, stoo yake ya flana, kila kitu. Mwaka 1829 wakahamia nyumba ndogo zaidi Upton Lane, jirani na kaka yake Samuel, na mfukoni akina Gurney ndio waliowabeba kwa posho ya mwaka. Kwa maana hiyo yote aliyofanya baada ya hapo, maktaba za vituo karibu 500 vya walinzi wa pwani, chuo cha wauguzi cha 1840, safari za Ufaransa na Ujerumani kukagua magereza, yalifanywa na mwanamke anayeishi kwa hisani ya kaka zake.

Hapo Upton ndipo alipokuja mfalme wa Prussia, Januari 1842. Asubuhi walikwenda wote Newgate, mfalme akapiga magoti na wafungwa, mchana akaja kula nyumbani kwake. Akapangiwa mstari wa watoto, wakwe na wajukuu zaidi ya 20 kuwasalimu. Mkwekeri mnyenyekevu, ndiyo, lakini aliandika shajarani kwa furaha isiyofichika.

Kuhusu watoto kuridhika: wengi wao waliacha Ukwekeri, wakaoa na kuolewa nje, na kila mmoja alipoondoka ilimuuma hadharani, maana wenzake wa ibada walimsema kwamba anafunza wafungwa na nyumba yake inamshinda. Alimzaa mwanawe wa mwisho mwaka 1822, siku ile ile alipopata mjukuu wa kwanza. Mwanamke wa hivyo hana siku ya kupumzika, na nyumba yake haina siku ya kuwa naye peke yake.

---

mama_wawili

Hapo sasa tunaongea. Ila bado nasikia sauti yake tu na ya ndugu zake. Wale mabinti waliopelekwa Norfolk wakiwa wadogo, hawakuandika chochote?

---

kibatari

Waliandika, tena wakubwa hasa. Alifariki Ramsgate Oktoba 1845, akazikwa Barking, na mwaka 1847 mabinti zake wawili, Katharine na Rachel, wakatoa kumbukumbu za maisha yake kutoka kwenye shajara zake, majuzuu mawili. Wao ndio waliokuwa na wino na mkasi. Manung'uniko mengi ya mama yao kuhusu ndoa, kuhusu hofu, kuhusu kujipenda kwake kusifiwa, waliyapunguza au kuyalainisha; watafiti wa baadaye waliporudi kwenye daftari zenyewe ndipo yakatoka. Sasa iwapo mabinti walimlinda mama yao au walijilinda wenyewe, hapo kila mtu aseme lake.

---

mama_wawili

Walijilinda. Nami ningefanya vivyo hivyo.

---

nahodha_mstaafu

Kibatari, dada zake wengine je? Nakumbuka mmoja aliolewa na Buxton wa kupinga utumwa.

---

kibatari

Hannah. Aliolewa na Thomas Fowell Buxton, yule aliyepokea kijiti cha Wilberforce bungeni mpaka sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Na yule Anna wa safari ya kwanza ya Newgate alikuwa dada yake Buxton. Wote hao walipita meza moja ya Earlham. Hiyo ina mambo mengi, nitaifungulia uzi wake wiki ijayo. Mwenye habari za Priscilla, mdogo wao wa kike wa mwisho, aanze kuzikusanya.